Mrihani kwenye ndoo, na harufu iliyofungua madirisha yote

Siku ya tano tangu nimimine mbolea ya samaki kwenye ndoo, mke wangu alisimama mlangoni mwa kile chumba cha nyuma, kaziba pua kwa kiganja, akauliza kwa upole wa kutisha, "Baba nanihii, humo ndani kimekufa nini?" Nikamjibu hamna kilichokufa, hiyo ni mbolea ya asili, ndo harufu yake. Akanitazama kidogo. "Basi hiyo asili imeshaoza," akasema, akaenda kufungua madirisha yote ya nyumba.

Sikuwa na la kumjibu. Miche 24 ya mrihani ilikuwa imeinamisha vichwa kama wanafunzi waliochelewa shule, majani yamejikunja kwa chini, ncha za mizizi zimekuwa kahawia, na juu ya maji kuna utando mweupe unaotikisika ukiupuliza. Na kinachouma ni kwamba nilikuwa nimefanya kila kitu nilichozoea kufanya kwenye kilimo bila udongo, pH (uchachu wa maji) nimepima, EC (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka majini) nimepima, pampu ya hewa inaunguruma, mwanga upo, nimebadilisha kitu kimoja tu: zile chumvi za kawaida, yaani mbolea za madini zinazoyeyuka majini, nikaziacha, nikaweka mbolea ya asili. Nikijua mbolea ni mbolea.

Kwa hiyo hii post ni ya hicho kitu kimoja. Kama unalima majani ya viungo kwenye maji au kwenye kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) na umeanza kuwaza kuhamia kwenye mbolea za asili, soma kwanza, itakuokolea miche na pengine ndoa.

Kwanza nikiri kwamba kwa chumvi mambo yalikuwa yanaenda vizuri tu, mrihani ulikuwa unajaa majani mpaka nagawa. Kilichonisukuma ni uroho wa kujaribu, pamoja na boksi langu la minyoo lililokuwa linajaa mboji nisiyo na pa kuipeleka, afu ile chupa ya mbolea ya samaki niliyopewa ilikuwa inanitazama kila nikifungua kabati. Mi mtu wa hivyo, kitu kikinitazama lazima nikitumie.

Sasa ujue kilimo hiki kimezaliwa na chumvi. Miaka ya 1860 kule Ujerumani kina Julius von Sachs na Wilhelm Knop walionyesha kwamba mmea unaweza kuishi kwenye maji matupu yaliyoyeyushiwa chumvi chache tu za madini, hamna udongo, hamna samadi, hamna chochote kilichowahi kuwa na uhai. Gericke wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyelichapisha neno haidroponiki, yaani hiki kilimo bila udongo, mwaka 1937, na neno lenyewe kwa Kigiriki limeunganisha maji na kazi, kazi ile ya jasho, na kwa kweli aliyelitunga alijua anachosema. Mwaka uliofuata watafiti Hoagland na Arnon wakatoa kitabu chao cha maelekezo ya jinsi ya kuchanganya hizo chumvi na mpaka leo watu wanachanganya kwa kutumia fomula ya Hoagland. Yaani mfumo mzima, kuanzia mita mpaka mabomba, umejengwa kwa kudhani kwamba unachomimina kiko tayari kunywewa na mzizi dakika ileile.

Mbolea ya samaki haiko tayari. Mzizi hauna meno. Naitrojeni ya kwenye chumvi imeshakuwa nitrati, inaingia moja kwa moja, lakini ya kwenye samaki, damu ya unga, mwani au mabaki yoyote imefungwa ndani ya protini, na protini lazima ivunjwevunjwe na viumbe vidogo kwanza. Kuna kundi moja la bakteria linavunja protini linatoa amonia. Kuna kundi la pili, wanaojulikana sana ni Nitrosomonas, linachukua amonia linaigeuza nitriti. Halafu kundi la tatu, kina Nitrobacter na wenzao, linaimalizia kuwa nitrati. Kwenye udongo hawa wote wapo tayari wamejaa na wanapiga kazi usiku na mchana, we unamwaga samadi unaenda zako kulala. Kwenye ndoo yangu iliyosuguliwa ikang'aa hakukuwa na hata mmoja wa kundi la pili na la tatu. Kundi la kwanza ndo lilijialika lenyewe, hao hawahitaji mwaliko, wanazaana kwa dakika, wakafanya karamu yao na kuniachia amonia.

Na hiyo amonia nilijipa nyingi mno. Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu nikaona aibu. Chupa imeandikwa 5-1-1, maana yake naitrojeni ni asilimia 5. Mi nilimimina glasi nzima, kama gramu 200, kwa hiyo gramu 10 za naitrojeni kwenye lita 20 za maji, ambayo ni miligramu 500 kwa kila lita. Majani ya viungo yanaridhika kabisa na miligramu 100 mpaka 200 kwa lita, tena iwe nitrati. Mimi nimeipa mara tatu yake ikiwa kwenye umbo ambalo mmea unaliogopa, na pH nayo ilikuwa inapanda kwa sababu uvunjaji wa protini unapandisha pH, na pH ikipanda ndo sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka ile gesi huru yenye sumu. Kwenye pH 7 gesi haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, kwenye pH 8 inakaribia asilimia 5. Hapo ndo mizizi yangu ilipoungulia.

Cha ajabu mita ya EC muda wote ilikuwa inaniambia chakula ni kidogo, ongeza! Siku ya kwanza ilisoma 0.5 hivi, nikashangaa, nikaongeza kidogo tena (naandika hili huku nimejiinamia). EC inapima vitu vilivyoyeyuka vinavyopitisha umeme, na protini ya samaki haipitishi kitu, haionekani kabisa. Ni sawa na kumuuliza kipofu gari lina rangi gani. Kwenye mbolea za asili EC inaanza kuwa na maana baada ya bakteria kumaliza kazi yao, kabla ya hapo iangalie kwa udadisi tu usiitumie kuamulia.

Nikamwaga yote. Nikaanza upya, safari hii bila mmea hata mmoja.

Kumbe jambo lenyewe limeshafanyiwa utafiti, mwaka 2011 Makoto Shinohara na wenzake wa Japani walichapisha kazi yao wakionyesha kwamba ukiweka kwenye maji mbegu ya bakteria kutoka kwenye mboji au udongo, ukapuliza hewa, ukawa unatia mbolea ya asili kidogokidogo, maji yanajaa nitrati na baada ya hapo unaweza kupanda na kuendelea kulisha mbolea ya asili moja kwa moja. Siri yao iko kwenye lile neno kidogokidogo. Ukitia nyingi kwa mara moja wale wavunja protini wanakula oksijeni yote na wale wapole wa kundi la pili wanakufa kabla hawajakaa sawa.

Basi nikachukua soksi ya zamani, ile imebaki moja mwenzake haijulikani aliko, nikatia mikono miwili ya mboji ya minyoo iliyokomaa, nikafunga fundo nikaitundika ndani ya ndoo karibu na jiwe la hewa ili mapovu yapite katikati yake. Chini nikamwaga kokoto za udongo wa kuchomwa kwa sababu hawa bakteria hawapendi kuelea, wanataka sehemu ya kujibandika, na kokoto moja yenye vitundu ni kama mji mzima kwao. Ndoo nikaipaka rangi nyeusi nje maana hawapendi mwanga, na mwanga pia unaleta mwani wa kijani kwenye maji. Maji nikayaacha yakipulizwa hewa siku nzima kabla ya yote ili klorini itoke (kama maji yako yametiwa kloramini hiyo haitoki kirahisi hivyo, tafuta maji ya mvua au pitisha kwenye chujio la mkaa).

Afu kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya samaki. Kimoja! Kila baada ya siku mbili. Kijiko kimoja kwa lita 20 kinaleta kama miligramu 12 za naitrojeni kwa lita, kwa hiyo katika wiki tatu unafika kwenye mia na kitu, pale pale panapotakiwa, ila umefika kwa kunyata.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni vile vichupa vya matone vya kupimia maji ya samaki wa mapambo. Unachota maji kwenye kijichupa, unatia matone, unatikisa, unasubiri rangi. Siku ya nne ya amonia ilikuwa kijani kibichi hasa, ya nitriti na nitrati hamna kitu. Siku ya kumi na moja nikatia matone ya nitriti na kabla sijamaliza kutikisa kijichupa kikageuka zambarau, nikapiga kelele mke wangu akaja mbio akidhani nimemwagikiwa kitu. Siku ya ishirini na mbili amonia ikawa njano, yaani imekwisha, nitriti imekwisha, nitrati nyekundu mpaka nikalazimika kuchanganya sehemu moja ya maji ya ndoo na tisa ya maji safi ndo rangi isomeke. EC yenyewe ilishapanda mpaka 1.2 bila mimi kutia chumvi hata punje. Na harufu? Ukiinamia ndoo inanuka kama ardhi baada ya mvua. Nilimwita mke wangu aje anuse, akanusa kwa mbali, akasema "mh, leo kimefufuka."

pH ndo ilinichezesha sana kwa hiyo nikae hapo kidogo. Wiki ya kwanza ilipanda mpaka 7.9 nikaogopa, nikakamulia ndimu. Ikashuka 6.2, nikalala kwa amani. Asubuhi 7.7. Nikakamulia tena, asubuhi tena imerudi. Nilikuja kujua kwamba asidi ya ndimu kwa bakteria ni chakula, wanaila usiku kucha, na siki nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo nilikuwa nawaandalia chakula cha jioni. Ukitulia pH inajishusha yenyewe, maana kundi la pili likianza kazi ya kugeuza amonia linatoa asidi, na linatoa kweli, wiki ya tatu ilikuwa inaporomoka mpaka 5.6 na huko chini ya 6 hao bakteria wenyewe wanazubaa. Mmea unapenda 5.5 mpaka 6.5, bakteria wanapenda 7 na kitu, kwa hiyo utakaa hapo katikati kama msuluhishi wa ndugu. Mi nimesimama kwenye 6.5 na sijalalamikiwa na upande wowote.

Cha kuzuia isiporomoke nilitumia maganda ya mayai. Nilioka kwa moto, nikatwanga yakawa kama chenga, nikatia kwenye soksi nyingine (soksi nazo zimeisha nyumbani), nikaitundika. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, asidi wanayoitoa bakteria ndo inalimung'unya, pH inatulia na kalsiamu inaingia majini kwa mmea. Kimahesabu kugeuza miligramu 100 za naitrojeni kwa lita kwenye ndoo ya lita 20 kunakula gramu kama 14 za kaboneti, ni kama maganda mawili matatu hivi. Niliitoa ile soksi baada ya mwezi nikaibinya, chenga zilizokuwa zinachoma vidole zimelainika na zimepungua nusu. Sijawahi kufurahia kitu kidogo namna ile.

Kalsiamu yenyewe inahitajika kwelikweli hasa kama unatumia kokopiti, maana kokopiti ina tabia ya kuishika kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu na chumvi ya sodiamu, ndo maana inaoshwa vizuri kabla ya kutumiwa. Potasiamu ndo pengo la mbolea ya samaki, iangalie hiyo namba ya mwisho, 1 tu, na majani ya viungo yanaitaka. Mi naongezea salfeti ya potasiamu inayochimbwa ardhini ambayo taratibu nyingi za kilimo hai zinairuhusu, na maji ya mwani kidogo. Majivu ya kuni yana potasiamu lakini yanapandisha pH kwa fujo, nusu kijiko tu kitakukimbiza. Na lile jambo la maganda ya ndizi linalozunguka kila mahali mtandaoni, jamani, ndani ya tanki la maji ganda la ndizi ni sukari na uozo, linakula oksijeni na kuzaa ute, litupeni kwa minyoo tu.

Sasa nipande. Na nikapanda, na mrihani ukatoka vizuri, nikavuna mara mbili. Halafu nikafanya ujinga wangu wa pili.

Mimi ni mtu wa usafi, na ndoo ilikuwa na ute kwenye kuta, ule utelezi wa kahawia, mabomba nayo ndani yanateleza. Kwenye kilimo cha chumvi nilizoea kila baada ya mavuno naosha kila kitu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Nikaosha. Nikasugua kokoto. Nikasuuza nikajaza maji mapya, nikatia mbolea ya samaki dozi yangu ya kawaida ya mfumo uliokomaa, nikapanda miche 18. Unajua kilichofuata kwa sababu nimeshakisimulia mwanzoni, na safari hii mke wangu hakuuliza, alifungua madirisha kimyakimya.

Ule ute ndo walikuwa wafanyakazi wangu. Hawa bakteria wa amonia wanazaliana polepole sana, wanaongezeka maradufu kwa siku nzima au zaidi wakati wale wavunja protini ni dakika tu, kwa hiyo ukiwafuta wote wa haraka wanarudi kesho na wa polepole utawasubiri wiki tatu tena. Sasa hivi naosha pampu na chujio tu, tena kwa maji ya ndoo hiyohiyo. Kokoto sizigusi. Nikihitaji ndoo mpya nahamisha kokoto na robo ya maji ya zamani na ndani ya siku mbili tatu kazi inaendelea.

Ute ukizidi ni tatizo kweli, hilo silikatai. Kama mfumo wako ni wa vitone vyembamba utaziba kila wiki. Mifereji ile myembamba ya maji yanayopita kama utando nayo mizizi inajifunga na ute. Na ile njia ya Kratky, ya kuacha maji yametulia bila pampu, kwa chumvi ni nzuri mno kwa mtu mvivu kama mimi, ila kwa mbolea ya asili usijaribu, bila hewa maji yanaoza. Kugeuza gramu moja ya naitrojeni ya amonia kuwa nitrati kunakula gramu nne na nusu za oksijeni, na maji ya nyuzi 30 yana miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita hata yakijaa (ya nyuzi 20 ni 9), kwa hiyo pampu ikizimika saa chache kwenye joto utajua kwa pua kabla hujajua kwa macho.

Kama unaanza ningekushauri usianze na ndoo ya maji kabisa, anza na vyungu vya kokopiti na perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi vya kuingiza hewa), changanya na mboji ya minyoo kama sehemu moja kwa tano, halafu mwagilia maji yaliyochanganywa na mbolea ya samaki kidogo sana. Bakteria wanakaa humohumo kwenye chungu kuzunguka mzizi, hewa ipo, na ukikosea kidogo unasamehewa. Watu wa maji watupu watasema huko ni kurudi kwenye udongo kwa mlango wa nyuma, waache waseme.

Kuhusu mizizi. Kwa chumvi mzizi mzima ni mweupe, ukiwa kahawia unapiga simu msibani. Kwa mbolea ya asili maji yenyewe yana rangi ya chai na yanapaka mizizi, kwa hiyo kahawia peke yake haimaanishi ugonjwa. Shika mzizi kwa kidole gumba na cha shahada uvute taratibu, kama ni mzima haung'oki kitu, kama umeoza ngozi ya nje inavuka kama soksi inabaki kiuzi chembamba katikati, na hapo mara nyingi ni Pythium, kijidudu kinachoozesha mizizi, na inapenda maji ya joto yasiyo na hewa.

Mimea yenyewe kila mmoja ana lake. Mrihani ndo unasamehe kuliko yote, kazi yake ni moja tu, usiuache utoe maua. Ukifikisha jozi tatu au nne za majani kata kichwa juu kidogo ya kifundo, utaona pale kwenye kwapa la jani vichipukizi viwili vidogo kama masikio ya panya, baada ya wiki vinakuwa matawi mawili, ukikata hayo yanakuwa manne, na mche mmoja unakuwa kichaka. Ukichuma jani mojamoja la chini, kama nilivyokuwa nafanya mwanzoni kwa huruma, unapata mti mrefu mwembamba wenye ua juu. Haupendi baridi, ikishuka chini ya nyuzi 10 majani yanapata madoa meusi, ndo maana hata ukiutia kwenye friji unakuwa mweusi. Na majani machanga yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani hiyo ni madini ya chuma, mara nyingi pH imepanda, usikimbilie kuongeza samaki. Njano ikianza kwa majani ya chini, ya kizee, hapo sawa, ni naitrojeni.

Nanaa hata sijui niseme nini. Kata tawi tia kwenye glasi ya maji litatoa mizizi ndani ya wiki, halafu lipe ndoo yake peke yake. Peke yake.

Giligilani ina mzizi mmoja mrefu wa kwenda chini na haipendi kuhamishwa, ipande palepale itakapokaa, na ile mbegu ya mviringo unayoiona ni mbili zilizoshikana, ivunje kwa kubinya chini ya kijiko upate miche miwili. Joto likizidi inakimbilia maua, usiilaumu mbolea. Rozimari na thaimu ziko polepole, zinataka mizizi ikauke kidogo kati ya mwagilio mmoja na mwingine, ndani ya maji zimenifia zote, kwenye kokopiti yenye perlaiti nyingi zipo hai ingawa hazina haraka na mtu.

Hili la usalama naliandika kwa uzito. Majani haya yanaliwa mabichi. Samadi mbichi isiguse mfumo wako, nokta. Taratibu za kilimo hai za Marekani zinadai siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, sasa mrihani wako unavunwa kila wiki mbili, hizo siku utazipata wapi? Tumia mboji iliyokomaa au mbolea iliyopikwa kiwandani, na usipulizie chai ya mboji kwenye majani hata kama jirani anakwambia inang'arisha.

Wengine wananiuliza kama sasa naweza kuyaita haya majani ya kilimo hai. Inategemea unayaita ukiwa wapi. Marekani imekuwa ikikubali mashamba ya haidroponiki yapate cheti, na bodi yao ya ushauri ilipopiga kura mwaka 2017 pendekezo la kuyapiga marufuku lilishindwa kwa kura 8 kwa 7, fikiria hiyo. Umoja wa Ulaya wamekataa, kanuni yao ya 2018/848 inasema mmea wa kilimo hai uwe kwenye udongo hai, ila wakaacha mwanya mmoja wa kuchekesha: majani ya viungo yanayouzwa pamoja na chungu chake yanaruhusiwa kukuzwa kwenye vyungu. Mimi siuzi kwa hiyo naangalia tu kama mpira.

Na ladha, kwa sababu lazima mtu aulize. Kuna watu wanaapa kwamba mrihani wa mbolea ya asili unanukia zaidi. Nimewafunga macho watu watatu wa nyumbani, nikawapa jani la ndoo ya chumvi na jani la ndoo ya samaki, mmoja akapatia, mmoja akakosea, wa tatu akasema yote yananukia samaki, nadhani kwa makusudi. Nitrati ni nitrati, mzizi hauulizi imetoka wapi. Ninachokiona kwa macho yangu ni kwamba mwanga mwingi na kukata asubuhi kunabadilisha harufu kuliko mbolea yoyote niliyowahi kutia.

Ndoo sa hivi ina miezi saba bila kumwagwa yote. Jana nimebadilisha soksi ya maganda, nimetia kijiko changu cha samaki, mita inasoma 1.3 na pH 6.4. Mke wangu ndo anavuna, anaingia mwenyewe na mkasi, madirisha yamefungwa. Ila nanaa imevuka, si niliwaambia ikae peke yake, niliitia kijitawi kimoja tu kwenye ndoo ya mrihani kwa vile kulikuwa na tundu limebaki wazi, leo asubuhi pampu inakohoa nikaitoa nikakuta mizizi imejaa mpaka kwenye bomba. Acha nikaikate kabla hajasikia.